Max ngazini, kamera nyuma yake

Jaribio la katuni ambalo Disney ilifanya mwaka 1983 kwa kisa cha Where the Wild Things Are halifiki hata dakika moja, na filamu yenyewe haikutengenezwa. Mtoto Max, kavaa vazi lake la mbwa mwitu, anamkimbiza mbwa kutoka chumbani hadi ngazini. Basi. Lakini mtazame mpiga kamera asiyekuwepo: anawafuata mbio, anakata kona, anashuka nao.

Katika katuni za mkono, mandhari ni picha bapa. Kamera huweza kuisogelea au kuipitia kwa upande, ila haiwezi kuingia ndani na kugeuka. Kwa penseli tupu, kugeuka huko kungedai chumba kizima kichorwe upya kwa kila fremu, na sekunde moja ina fremu 24. John Lasseter wa Disney, aliyekuwa amevutiwa na picha za kompyuta za filamu ya Tron, akaungana na mchoraji Glen Keane na kampuni ya MAGI ya New York, mojawapo ya zilizotengeneza picha hizo.

MAGI walijenga nyumba kwa maumbo sahili, masanduku na mitungi, wakapanga mwendo wa kamera. Keane akachora wahusika kwa penseli akifuata mistari ya chumba iliyotolewa na kompyuta, ili nyayo zikanyage sakafu inayosogea.  Hapa mchoraji ndiye aliyefuata, na kwa mtu mwenye mkono wa kasi kama Keane naamini haikuwa raha. Kisha michoro ikaingizwa kwenye kompyuta na kutiwa rangi humohumo, pamoja na mwanga na vivuli. Kwangu mimi kivuli ndicho kilichofanya kazi kubwa: bila hicho, Max angeonekana kabandikwa.

Kilichokosekana ni mkono wa Maurice Sendak, mtunzi na mchoraji wa kisa hiki. Kitabu chake cha 1963 kimejaa mistari ya kalamu iliyopishana. Kuta za MAGI ni laini kama beseni jipya la plastiki. Hata Max mwenyewe, akiwa ametiwa rangi safi namna ile, si yule wa kitabuni.

Disney haikuendelea na mradi, na Lasseter akaondoka muda mfupi baadaye. Tatizo la kuta lilishughulikiwa katika filamu ya Disney ya 1999, Tarzan, kwa programu ya Deep Canvas iliyowawezesha wachoraji kupaka rangi kwa brashi juu ya maumbo ya kompyuta. Aliyesimamia uchoraji wa Tarzan mtu mzima, anayeteleza juu ya matawi yenye magome, alikuwa Keane.