Kifuniko cha tangi la Bantam

Huko Manika, Kolwezi, fundi mmoja mzee bado anatunza pikipiki ya BSA Bantam iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Ndola, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière. Wengi husifu umbo lake. Mimi napenda kifuniko cha tangi. Kwa ndani kina kikombe kidogo cha kupimia oili ya kuchanganya na petroli, maana injini ya namna hii hulainishwa na mafuta yaleyale inayokunywa. Aliyekibuni alimfikiria mtu aliye mbali na gereji, hana chupa wala kipimo, na safari bado ni ndefu. Kumjali hivyo mtu usiyemjua ni ufundi mkubwa.

Mchoro wa pikipiki yenyewe ulikuwa wa Wajerumani, wa DKW RT 125, Waingereza wakauchukua kama fidia ya vita. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kikaugeuza kama kwenye kioo, gia zikaangukia mguu wa kulia, na Bantam zikatoka kuanzia 1948 hadi 1971. Ya kwanza ilikuwa na gia tatu na sentimita za ujazo 123 tu. Posta ya Uingereza iliwapelekea watu simu za maandishi kwa pikipiki hizi.

Nyuma ya kifuniko cha pembeni, gurudumu zito lenye sumaku huzunguka kwenye koili ya waya wa shaba, na cheche inatoka kwa kiki, bila kutegemea betri. Mzee hupitisha bati jembamba la kupimia katikati ya ncha mbili za platini, mwanya usiofika nusu milimita. Likipita ovyo, analegeza skrubu na kuanza upya. Likishikwa kidogo tu, anakaza.

Mji wetu unachimba shaba, na kobalti yake inaingia kwenye betri za dunia nzima. Lakini taxi-moto ikikataa kuwaka, koili nzima inang'olewa na kutupwa kwenye vumbi jekundu, shaba yake ndani. Dereva simlaumu, jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki. Nawalaumu wanaotuuzia vitu visivyofunguka, nasi tuliokubali upesi hivyo.

"Papa, hii peleka makumbusho," vijana humwambia mzee. Aliwaita waje kujifunza bure. Walikuja, kisha wakaenda machimboni, kunakolipa siku hiyohiyo. Yeye hawasemi vibaya. Mimi ndiye ninayeogopa: akiondoka, Bantam itauzwa kwa kilo.