Hoja Ndani ya Vina

Mashairi ya ndoa yaliyoandikwa na wanawake wa Uingereza katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18 husomwa mara nyingi kama vilio: mke kaonewa, kashika kalamu, kalia. Kuyasoma hivyo ni kuwapunja waandishi wake. Waliokuwa hodari miongoni mwao walikuwa mafundi wa hoja, na shahidi wangu ni Mary Chudleigh wa Devon. Shairi lake la nasaha kwa wanawake wenzake, lililotoka katika diwani yake ya mwaka 1703, lina mistari 24 tu. Mistari yenyewe ni mifupi, mingi ikiwa na mizani nane kama kipande cha utenzi, na kila miwili hufungwa kwa kina kimoja. Anaanza na dai zito: mke na mtumishi hali yao ni moja, tofauti ni jina. Halafu hasikitiki, anathibitisha. Anataja fundo la ndoa lisilofunguka, kiapo cha utii, kisha sheria inayompa mume enzi. Tangu hapo, mke akitazama, akicheka au akisema kwa hiari yake, amevunja mkataba. Hakuna kipigo wala machozi, na hakuna mume anayetajwa kwa jina. Vina vinarudi upesi, na kabla msomaji hajapata la kupinga, hatua nyingine imeshafika. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Kila hatua ilikuwa na ushahidi nje ya shairi. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza kilimtaka bibi harusi aahidi kutii; bwana harusi hakutakiwa kuahidi hivyo. Fedha na vyombo vya mke vilikuwa mali ya mume mara tu walipooana, na talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Mtumishi wa mwaka, muda wake ulipokwisha, aliweza kwenda zake. Kwa hiyo, kama Chudleigh alikosea, alikosea kwa kupunguza. Mwaka 1699 mchungaji John Sprint alihubiri harusini, huko Sherborne, juu ya wajibu wa mke kumpendeza mumewe. Chudleigh alimjibu mwaka 1701 kwa shairi refu la majibizano: wanaume watatu, mmoja wao mchungaji, wanasema yao, na mwanamke aitwaye Melissa anawajibu. Ni mtunzi anayeiamini hoja yake tu ndiye huthubutu kumpa mpinzani nafasi kubwa namna hiyo.

Kuna watakaouliza: mbona Anne Bradstreet, Mwingereza aliyehamia Massachusetts, alimwandikia mumewe shairi la mapenzi matupu? Ni kweli, na ni shairi zuri. Lakini raha yake ilitokana na mume aliyempata, na Chudleigh hakumzungumzia mume huyu wala yule. Alizungumzia kanuni iliyomwacha mke salama pale tu mwenye nguvu alipopenda kuwa mwema. Wengine watasema alikuwa mke wa baroneti, hakuijua dhiki. Kiapo kile waliapa wake wa mabaroneti na wake wa wakulima. Doa ninaloliona mimi ni jingine: akitaka kuonyesha ukali wa mume, anaazima sura ya mtawala wa Mashariki, dhana iliyozoeleka Ulaya ya siku zake, ilhali ukali aliokuwa akiueleza ulitoka katika sheria za Kiingereza.

Bunge la Uingereza lilianza kuwarudishia wake haki ya mali yao mwaka 1870, likaipanua mwaka 1882. Chudleigh alikuwa amefariki tangu 1710.