Kondoo Ndani ya Sanduku: Hadithi ya Mwana Mdogo wa Mfalme Katika Sinema ya Nyimbo

Mwaka 1943 Antoine de Saint-Exupéry, rubani na mwandishi Mfaransa aliyekuwa akikaa New York kwa sababu ya vita, alitoa kitabu kidogo chenye picha alizozichora kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, alirusha ndege kutoka kisiwa cha Corsica asirudi tena. Kitabu hicho, Le Petit Prince, kimefasiriwa katika lugha nyingi sana za dunia, Kiswahili ikiwa mojawapo, ambamo kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme. Watu wa sinema walikitamani tangu mwanzo. Orson Welles alitunga mchezo wa sinema kutokana nacho katika mwaka uleule wa 1943, akataka kushirikiana na Walt Disney, wasipatane. Jaribio nitakalolichungua hapa ni la baadaye, la mwaka 1974, kampuni ya Paramount ilipoitoa hadithi hii kuwa sinema ya nyimbo. Mchezo na maneno ya nyimbo yalitungwa na Alan Jay Lerner, muziki ulitungwa na Frederick Loewe, na mwongozaji alikuwa Stanley Donen.

Watu hawa hawakuwa wanagenzi. Lerner na Loewe ndio waliotunga My Fair Lady ya mwaka 1956, wakafuatisha Gigi na Camelot. Donen, pamoja na Gene Kelly, aliongoza Singin' in the Rain mwaka 1952. Picha za jangwa zilipigwa Tunisia, juu ya mchanga wa kweli na chini ya jua la kweli. Hata hivyo watazamaji walikuwa haba, na wahakiki wengi hawakuridhika. Yapasa kuuliza kwa nini, kwa maana swali hili haliwahusu Wamarekani peke yao. Sisi nasi huzitwaa hadithi zetu za kusimuliwa tukazipeleka jukwaani, redioni na katika sinema, na aghalabu twadhani ya kuwa kuongeza wimbo ni kuongeza utamu.

Tuanze na kondoo. Rubani ameanguka jangwani, mbali na watu, na maji aliyo nayo hayazidi ya wiki moja. Mtoto asiyejulikana atokako anamwomba amchoree kondoo. Kondoo wa kwanza, mtoto asema, ni mgonjwa. Wa pili ana pembe. Wa tatu ni mzee mno. Rubani, kwa kuchoka, anachora sanduku lenye matundu na kusema kuwa kondoo yumo ndani. Mtoto afurahi mno, ainama kuchungulia, na amwona kondoo amelala usingizi. Kwa maoni yangu kisa hiki si cha kuchekesha tu, bali ndicho sharia ya kitabu kizima. Mwandishi hutupa sanduku na matundu yake. Kondoo ni juu yetu sisi. Naye mwenye kupiga picha za sinema, kwa asili ya kazi yake, hulifungua sanduku kila saa, maana hana budi kuonyesha. Lililobaki ni kujua wimbo uko upande gani: je, wafungua sanduku, au wapiga tundu jingine?

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka hadithi ya Sultani Majnuni katika Swahili Tales za Edward Steere, zilizokusanywa Unguja na kupigwa chapa mwaka 1870. Kila auapo mnyama, mwana wa sultani humleta kwa mama yake, akamwimbia kwamba huyu ndiye nunda, na mama humjibu kuwa siye. Wimbo ule hauelezi hofu ya mama wala ushujaa wa mwana. Unauliza na kujibiwa, na pasipo huo hadithi haiwezi kwenda mbele hata hatua moja. Msikilizaji aijua hofu ya mama bila kuambiwa, kwa kuwa mama anajibu vilevile kila mara huku wanyama wakizidi kuwa wakubwa. Nautumia wimbo huo kuwa mizani yangu, nami sioni kama ni dhuluma kwa Wamarekani, kwa maana nyimbo bora za My Fair Lady nazo zinafanya kazi ya namna hiyo: Eliza anaimba anapoipata lugha, na kuipata kwake ndiko kuimba kwake.

Katika sinema yetu, rubani aliyechezwa na Richard Kiley, mwenye sauti nzito na nzuri, anapewa nyimbo nyingi kuliko wote. Aimba kwamba anahitaji hewa, ndipo aruke. Aimba kumwambia mtoto kuwa yuko upande wake. Rubani wa kitabu hasemi kamwe kuwa yuko upande wa mtoto. Anatengeneza mashine yake, anakasirika, anajibu ovyo juu ya miiba, kisha anaitupa nyundo yake na kumpakata mtoto anayelia, asijue aseme nini. Kutojua huko aseme nini ndiko kupenda kwake. Wimbo umemtafutia la kusema, na hapo sanduku likafunguka, kondoo akaonekana, naye ni kondoo wa kawaida.

Jambo la waridi ni zito zaidi, nami nataka kulifikia kwa njia ya mbuyu. Katika kitabu mibuyu ni balaa la sayari ndogo ya mtoto: huanza kama kimea kidogo, na isipong'olewa mapema hupasua nchi yote. Mwenye kukifasiri kwa Kiswahili anakuta jambo hilohilo limekwisha kusemwa katika lugha yake, kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini sisi twalisema kwa kumtia moyo mnyonge, na Mfaransa alisema kwa kuonya. Kitu ni kilekile, thamani yake imegeuka kwa kuhama nyumba. Ndivyo lilivyopatwa waridi. Katika kitabu ni ua tu, lenye miiba minne, linalokohoa kwa kujisingizia na kutaka kufunikwa kioo. Msomaji ajua ya kuwa ni mwanamke, na wengi wamesema ni Consuelo, mkewe mwandishi. Lakini hakuna alazimishwaye kumwona mwanamke. Sinema ilimleta Donna McKechnie, mcheza dansi hodari, ndani ya ua, mbele ya mtoto Steven Warner aliyekuwa mdogo hasa. Mapenzi ambayo katika kitabu hayana umri yakapata umri ghafula, na mtazamaji aona haya badala ya kuona huruma.

Walakini mbweha! Gene Wilder hakuvikwa manyoya. Alivaa suti ya rangi ya udongo, na umbweha wake wote umo katika macho na shingo. Neno kubwa la sura hii kwa Kifaransa ni apprivoiser, nalo ni taabu kwa kila mfasiri. Kiswahili kina kufuga, lakini afugaye ni bwana na afugwaye hana shauri. Tena kufuga kwataka boma. Kina kuzoeza, lakini humo pia yuko mmoja atendaye na mmoja atendwaye. Kwa fikira zangu neno lililo karibu kuliko yote ni kuzoeana, kwa sababu mnyambuliko wa kutendana wabeba bila jasho jambo ambalo mbweha wa Kifaransa hana budi kulieleza kwa maneno mengi: kwamba kila mmoja atakuwa na haja na mwenziwe. Hata hivyo kuzoeana kumepungukiwa na kitu, nacho ni nia, kwani watu waweza kuzoeana bila kukusudia, kama majirani. Mbweha anataka saa maalumu, anataka kanuni, anataka mtoto akae nyasini kila siku karibu kidogo kuliko jana.

Hapa ndipo sinema ilipofaulu. Wimbo wa mbweha ni wa kusogeleana, karibu, na karibu zaidi, na zaidi tena. Maneno yake ni mepesi, lakini kile ambacho maneno hayakifikii kinafanywa na muda wenyewe. Kitabu kinasema kwamba siku zilipita. Muziki unaweza kuzipitisha tukiona. Masafa kati ya watu wawili yanapungua kwa mapigo, na wimbo ukiisha masafa nayo yameisha. Huu ni wimbo wa namna ya nunda: ukiuondoa, urafiki haukutokea. Laiti Lerner angeandika sita za namna hii.

Nyoka pia anafaulu, ijapokuwa kwa njia nyingine. Bob Fosse, aliyekuwa ameongoza Cabaret miaka miwili kabla, alijitungia dansi yake mwenyewe, akavaa nguo nyeusi, kofia ya duara, na miwani ya rangi. Wimbo wake wajisifu kuwa yeye ni nyoka majanini, na maneno hayo hayana uzito. Lakini viungo vyake vinatisha, kwa kuwa vinavutia. Nyoka wa kitabu hunena kwa mafumbo, na mtoto amwambia hivyo. Fosse aliona kwamba fumbo laweza kusemwa kwa bega na kiwiko bila kufumbuliwa. Mauti amekuja na adabu zake, na mtoto anamtazama kama atazamavyo mchezo wa mazingaombwe.

Wakaaji wa sayari ndogo sitakaa nao sana. Mfalme na mfanya biashara walibakizwa. Mlevi na mwenye kujivuna waliachwa, wakaletwa mwanahistoria na jemadari, ambao ni dhihaka za kawaida. Kosa ambalo siwezi kulisamehe ni kumwacha mwasha taa. Sayari yake huzunguka mara moja kwa dakika, naye hana budi kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, asipate kulala. Ndiye pekee ambaye mtoto aliona angeweza kuwa rafiki yake. Katika kitabu chote hakuna mtu aliyezaliwa tayari akiwa muziki kuliko yeye. Anahitaji pigo moja tu la ngoma. Watunzi mashuhuri walikuja kutia nyimbo katika hadithi, wakampita yule aliyekuwa akiimba.

Vivyo hivyo kisimani. Saint-Exupéry alikuwa ameijua kiu: mwaka 1935 alianguka katika jangwa la Libya pamoja na fundi wake André Prévot. Katika kitabu, rubani na mtoto wanatembea usiku, wanakuta kisima alfajiri, na kapi lake kuukuu linalia kwa kutovutwa siku nyingi. Kwa mtoto mlio ule ni wimbo wa kisima kilichoamshwa. Sinema iliyatwaa mazungumzo yaliyotangulia, juu ya uzuri wa jangwa kwa ajili ya kisima lililokificha, ikayafanya wimbo wa watu wawili. Ni wimbo mtamu. Mimi ningependelea kapi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1978, The Street Where I Live, Lerner alimlaumu mwongozaji kwa kubadili mwendo wa nyimbo na kukata vipande vya muziki. Yamkini alikuwa na haki. Lakini wimbo unaoeleza utaeleza tu, uwe wa haraka au wa polepole. Huonekana zaidi katika wimbo wa rubani wa kumwaga mtoto, uliotajwa kuwania tuzo ya Oscar. Kama wimbo wa kusikilizwa nyumbani, sina la kuutoa. Lakini ukurasa wa mwisho wa kitabu una mistari miwili ya vilima vya mchanga na nyota moja juu yake. Ni mandhari ileile ya ukurasa uliotangulia, ila mtoto hayumo. Ningekuwa mimi, ningeuacha muziki wa Loewe uendelee pasipo maneno, na Kiley anyamaze.