Jedwali la Alama kama Mhakiki: Timu za Kubuni na Usomaji wa Soka katika Kiswahili

Mjadala kuhusu michezo ya timu za kubuni umezoea kuuliza swali moja: je, anayecheza Fantasy Premier League hulipenda soka zaidi au kidogo kuliko asiyecheza? Swali hilo halifiki mbali, kwa kuwa mapenzi hayapimiki kwa urahisi na kila upande una mashahidi wake. Lenye tija zaidi ni swali la usomaji. Mechi ni matini ya dakika 90, na jedwali la alama ni mhakiki anayeisoma matini hiyo kabla ya mtazamaji na kumwelekeza kipi kina uzito na kipi kipitwe. Kama mhakiki mwingine yeyote, jedwali lina nadharia yake, upendeleo wake na upofu wake. Makala haya yanalihakiki kwa msingi huo, yakilipima dhidi ya namna Kiswahili kilivyozoea kuusimulia mpira.

Kanuni za mchezo wenyewe ni nyepesi. Mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kubuni, akanunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya England: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasiozidi 3 kutoka klabu moja. Wanachokifanya wachezaji hao uwanjani kila wiki hugeuzwa alama. Bao la mshambuliaji lina alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ina alama 3. Kadi ya njano hupunguza 1 na nyekundu 3. Nahodha aliyeteuliwa na mshiriki huhesabiwa mara mbili. Kushiriki ni bure, na hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na kamari, ingawa wapo wanaowekeana fedha pembeni. Tangu uanze mwaka 2002 umekua hadi kuwa na washiriki zaidi ya milioni 10 duniani, na katika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam umekuwa sehemu ya kawaida ya mazungumzo ya ofisini siku ya Jumatatu.

Asili ya jedwali hili haiko katika soka. Aina ya mchezo iliyoenea kwanza Marekani ilibuniwa mwaka 1980 na Daniel Okrent na wenzake, ikapewa jina la mkahawa wa New York walimokutania, La Rotisserie Française. Mchezo waliouhesabu ulikuwa besiboli. Hilo si jambo dogo. Katika besiboli kila tukio hujitegemea: mmoja anarusha, mmoja anapiga, matokeo yanaandikwa, kisha wote wanarudi mahali pao na kuanza upya. Takwimu za besiboli hazikuletwa kutoka nje ya mchezo, bali zilikuwa tayari ndani ya muundo wake. Soka haina vituo hivyo. Bao moja huweza kuzaliwa na mbio za mtu ambaye hakuugusa mpira kabisa, aliyemvuta beki kando ili mwenzake apate nafasi. Mbinu ya kuhesabu ilipohamishiwa kwenye soka ilikuta mchezo unaotiririka, nayo ikalazimika kuukata vipande ndipo ipate cha kuhesabu.

Ukataji huo unaonekana wazi zaidi katika pasi ya bao. Kwa Kiswahili cha uwanjani, pasi ya bao ni pasi: mtu ametoa mpira kwa kukusudia, mwenzake akafunga. Kanuni za Fantasy Premier League zimeutanua ukumbi wa neno hilo. Mchezaji aliyeangushwa ndani ya eneo la hatari huhesabiwa ametoa pasi ya bao endapo mwenzake atafunga penalti hiyo. Aliyepiga shuti, kipa akautema mpira na mwingine akaumalizia, naye huhesabiwa hivyo hivyo. Mtu aliyelala chini akishika kifundo cha mguu anatajwa kuwa mtoaji wa pasi ambayo hakuitoa. Hapa neno limebaki lilelile huku maana yake ikibadilishwa bila mjadala wowote, na mabadiliko hayo hayakufanywa na watangazaji, makocha wala wanaistilahi. Yamefanywa na mahitaji ya jedwali, ambalo kila linapoweza hulitafutia bao mtu wa pili wa kumgawia alama.

Kanuni ya kutoruhusu bao inakwenda mbali zaidi, kwa sababu hubadilisha hata anachokiombea mtazamaji. Beki aliyecheza dakika 60 au zaidi bila timu yake kufungwa hupata alama 4. Akitolewa dakika ya 70, timu ikafungwa dakika ya 80, alama zake hubaki. Mtazamaji anayeipenda timu angetaka beki wake bora abaki uwanjani hadi mwisho, hasa timu inapozidiwa. Mshiriki wa timu ya kubuni huweza kutamani beki huyohuyo atolewe mapema, tena afurahi kumwona akitoka huku ngome ikibaki wazi nyuma yake. Hapa kuna jambo la kina kuliko usaliti wa ushabiki, ambao umesemwa sana. Mabadiliko ya wachezaji ni uamuzi wa kocha wenye maana katika mwendo wa mechi. Unaonyesha hofu au uthubutu wake. Kwa msomaji anayeongozwa na jedwali, maana hiyo hufutika, na badiliko la mchezaji huwa kufuli la kuhifadhia alama.

Kisa cha John Lundstram wa Sheffield United, msimu wa 2019/20, kimekuwa mfano wa kawaida, na kinastahili kurudiwa. Lundstram alicheza kiungo, lakini jedwali lilimworodhesha kuwa beki, tena kwa bei ya chini kabisa, pauni milioni 4. Novemba 2019 alifunga mabao 2 timu yake ilipoishinda Burnley 3–0. Kwa jina la beki, mabao hayo pamoja na kutofungwa vilimpa alama 16. Kwa jina la kazi aliyoifanya, yangekuwa mambo yaleyale kwa alama 11. Tofauti ya alama 5 haikutoka mguuni mwake. Ilitoka katika uainishaji. Mwanaisimu hahitaji kuambiwa kwamba jina huathiri kinachoonekana, ila ni nadra kuona athari hiyo ikipigiwa hesabu kwa usahihi namna hii. Na kilichofanya Sheffield United ya msimu ule iwe timu ya kutazamwa, yaani mabeki wake wa kati waliopanda mbele kupita mawinga wao, hakikuwa na safu yake katika jedwali.

Kwa miaka mingi jedwali lilikuwa kipofu hasa mbele ya kiungo mkabaji. Istilahi hiyo ya Kiswahili ni nzuri kwa kuwa imejengwa juu ya kitenzi: humtaja mtu kwa anachokifanya. N'Golo Kanté alitwaa ubingwa na Leicester City mwaka 2016, kisha na Chelsea mwaka 2017, akachaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa msimu huo wa pili; katika timu za kubuni hakuwa mtu wa kukimbiliwa. Victor Wanyama wa Kenya, aliyecheza Southampton na Tottenham, alipatwa na hali hiyohiyo, na jambo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Mkenya aliyekuwa akijaza timu yake ya kubuni alikuwa na sababu zote za kihesabu kumwacha nje Mkenya mwenzake aliyefika juu kuliko wengi. Aliyemtazama Wanyama akikaba aliona ustadi. Aliyelitazama jedwali aliona alama 2 za kucheza, pengine na moja iliyokatwa kwa kadi.

Waandaaji wamelikiri pengo hilo. Kuanzia msimu wa 2025/26, beki anayefikisha jumla ya vitendo 10 vya ulinzi, kama kuondosha mpira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya, hupata alama 2. Viungo na washambuliaji huhitaji 12, na kwao hesabu hujumuisha pia mipira waliyoirejesha. Ni hatua njema lakini inadhihirisha ugumu uliopo. Beki anayesimama mahali panapofaa humnyima mpinzani hata hamu ya kupitia upande wake, hivyo hapati cha kupokonya. Jedwali litamlipa yule anayeandamwa na mashambulizi mfululizo na kumsahau aliyeyazuia yasianze.

Mipaka ya matini nayo ni uamuzi wa mhakiki. Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth katika mechi ambayo Villa walifungwa 2–1. Bao hilo lilikuwa na alama 4. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, alifunga kwa kichwa uwanjani Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, mechi nyingine iliyoisha 2–1 kwa wapinzani. Bao hilo halikuwa na alama hata moja, kwa kuwa kombe si ligi. Kanuni haikukosea; imejiwekea mpaka na kuufuata. Lakini bao ambalo Watanzania wengi wanalikumbuka kuliko yote ya Samatta nchini England, kwa usomaji wa jedwali, halikutokea.

Ingekuwa dhuluma kusema jedwali hupofusha tu. Sharti la wachezaji 3 kwa klabu humlazimu mshiriki kugusa klabu zisizopungua 5, na bajeti humsukuma kwenye zile ndogo. Mtu ambaye miaka yote alizijua Arsenal na Manchester United pekee hujikuta akifahamu nani hupiga kona za Brentford na kwa mguu upi. Huo ni ujuzi halisi. Udhaifu wake ni kwamba huja bila mfuatano.

Na mfuatano ndio Kiswahili cha mpira kilichouenzi. Utangazaji wa redioni, uliofanywa na watu kama Leonard Mambo Mbotela nchini Kenya na Charles Hilary nchini Tanzania, ulikuwa na kazi ya kumjengea msikilizaji uwanja asiouona: mpira uko upande gani, nani anao, nani anamsogelea. Uti wa mgongo wa usimulizi huo ni kitenzi. Kiambishi -na- huleta tukio mbele ya msikilizaji, -ki- huunganisha mambo yanayokwenda sambamba, -ka- hufungamanisha tendo na lililolitangulia: akapokea, akageuka, akampa aliyekuwa akipanda pembeni. Ujumbe wa simu unaomfikia mshiriki hauna viambishi hivyo. Una jina na nambari. Vitenzi vilivyobaki katika mazungumzo ya washiriki ni vya soko, yaani kununua, kuuza, bei kupanda. Na bei yenyewe hupanda wanunuzi wanapoongezeka, si moja kwa moja kwa sababu ya uchezaji.

Suala hili si la nadharia tupu kwa wanaoshauri sera. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN mwezi Agosti 2025, na zimepangiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni rahisi kutabiri kwamba kampuni zitataka kuyawekea mashindano hayo, na hata ligi za ndani, michezo ya timu za kubuni kwa Kiswahili. Zikiachiwa kutafsiri tu kanuni za England, zitaleta pasi ya bao isiyo pasi na kiungo anayeitwa beki. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaweza kutangulia kwa kuweka fasili za matukio ya uwanjani kabla ya mkataba wowote wa data kusainiwa, watangazaji wa redio wakiwa wajumbe kamili wa kikao hicho pamoja na waamuzi na makocha. Kazi ya kwanza ya kikao iwe kuamua tendo la mchezaji aliyeangushwa kwenye eneo la hatari liitweje kwa Kiswahili. Ya pili, ngumu zaidi, ni kutafuta jina la tendo la yule aliyekimbia bila mpira.