Nani mwenye zawadi ya Nachituti?

Sisi wa Kilwa, kando ya ziwa Moero, tunajua hadithi ya Nachituti. Kaka yake Nkuba, mufalme wa Bashila, aliua mtoto wake. Mama akaenda kumulilia Mwata Kazembe wa Balunda. Kazembe akamulipizia kisasi, Nkuba akauawa. Nachituti akatoa kitunga cha udongo na chungu cha maji: ni kusema inchi na ziwa.

Mingi wanasema masimulizi ya kabila yaandikwe na wana wa kabila wenyewe. Ni kweli, na mufano uko ng'ambo ya ziwa, Zambia. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, alitayarisha buku Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, «Wankambo wangu na watu wangu», kwa musaada wa padri Edouard Labrecque. Lilitoka mwaka 1951, kwa Kibemba. Muzee asiyejua kusoma anaweza kusomewa na akasema: hapa si hivyo. Jambo hilo tunalisifu.

Lakini huyu mwenye kusema «wangu» ni nani? Ni mufalme. Katika kinywa cha utawala, zawadi ya Nachituti inakuwa hati ya inchi. Mwanahistoria David Gordon, katika buku lake la mwaka 2006 juu ya zawadi iyo, ameonyesha vile hadithi ilitumika kusema nani mwenye udongo na maji. Mushila mwenye kutega nyavu anaweza kuisimulia kama hadithi ya kunyang'anywa. Asipoandikwa, siku ya kesi ya maji buku litasema, yeye atanyamaza.

Tuangalie na Kivu. Hadithi ya Mwindo ya Banyanga ilichapwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwenyewe Munyanga. Maneno ya Kinyanga yamo, na jina la musimulizi limo: Shekarisi Rureke. Musomaji anajua kama iyi ni Mwindo ya mutu mumoja, si ya kabila nzima.

Njo maana tunaomba vijana wetu wanaokusanya hadithi: muandike nani alisimulia, ukoo wake, siku gani, mbele ya nani, na wimbo vile watu waliuitikia. Kisha muende kwa ukoo mwingine, muulize tena. Mutoto wa kabila anajua luga na anajua mlango wa kupiga hodi, lakini yeye pia ana ukoo wake.