Misa ya Kamina Iliyotungwa Bila Nota

Misa Luba ilipoimbwa mara ya kwanza Kamina, Katanga, nchini Kongo, mwezi Machi 1958, waimbaji hawakuwa na karatasi ya nota mkononi. Kwaya yao ya wavulana takribani 45 na walimu wapatao 15 ilikuwa imeundwa mwaka 1954 na padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen. Wengi huisifu kama misa ya Kilatini iliyovishwa ngoma, na sifa hiyo inaipunja. Upya wake uko katika utunzi: kundi lilipatana juu ya kiunzi cha kila sehemu, na sauti zenyewe zikapatikana humohumo katika kuimba.

Tazama sehemu ya Kyrie. Matini yake ni maneno matatu ya Kigiriki yanayorudiwa, nayo imewekwa juu ya kasala, maombolezo ya Waluba. Kiongozi hutoa neno na kulivuta, kwaya humpokea. Aliyezoea kuimba msibani anajua aingie lini na anyamaze lini. Hahitaji kuonyeshwa kwa mkono. Sanctus nayo imefuata wimbo wa kuagana, lakini ikifika Hosanna mwendo unageuka kuwa ngoma ya kucheza ya eneo la Kasai. Maana ya maneno ikibadilika, kiunzi kinabadilika, na waimbaji wote hugeuka kwa pamoja kwa sababu desturi imeshawafunza.

Atatokea wa kusema kwamba basi huo ni utamaduni tu, si muziki wa majaribio. Sikubali. Hakuna kasala iliyowahi kubeba Credo, matini ndefu yenye hoja juu ya hoja. Kuibebesha kulihitaji kujaribu na kutupa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, mtunzi Mjerumani Karlheinz Stockhausen alitunga Stimmung kwa waimbaji sita, akiwapa vielelezo 51 wavipitie kwa kusikilizana. Huo ukiitwa muziki wa majaribio, wa Kamina hauwezi kunyimwa jina hilo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina lililovuma ni la padri. Ni kweli, na ni dhuluma: sauti zikiwa zimepatikana vinywani mwa waimbaji, basi watunzi ni wao, akiwemo Joachim Ngoi, mwalimu aliyeongoza kuimba.

Je, njia hii ya kutunga inafaa kwa kwaya za Tiira, kule kwenye machimbo ya dhahabu wilayani Busia, Uganda, na jirani zao wa Tororo? Inafaa, ila kuna ugumu ambao Kamina haikukutana nao. Kilatini hakina toni, hivyo kiongozi alikuwa huru kupanda na kushuka apendavyo. Kisamia na Kiteso, lugha zinazosemwa huko, vina toni. Ukipandisha silabi inayopaswa kushuka, neno linaweza kupotea. Tenzi za sauti nne zilizotoka Ulaya huzidisha tatizo, maana besi mara nyingi hushuka pale soprano inapopanda. Lakini sikiliza kwa makini rekodi ya Kamina: sauti mara nyingi hutembea sambamba, zikiachana kwa nafasi ya tatu, hivyo umbo la wimbo linabaki lilelile kwa kila muimbaji. Mwalimu wa kwaya aanzie hapo. Kiongozi afuate mpando na mshuko wa usemi wa kawaida, sauti ya pili imfuate sambamba, na kiitikio kiwe kifupi kiasi cha kushikika bila kuandikwa.