Soka ya Amani Isiolo: Kazi Iko kwenye Kupanga Vikosi

Waandalizi wengi wa soka ya amani huanzia mwisho. Kwanza hutafuta kombe, jezi, hema na mgeni wa heshima. Wachezaji watajipanga wenyewe. Nao hujipanga kimtaa. Kwa vile mitaa mingi ya mji wa Isiolo imekaa kikabila, fainali inakuwa kabila dhidi ya kabila, tena na mashabiki juu.

Waliopangua hesabu hiyo wako Marsabit, kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale. Shirika la HODI la Marsabit lilianzishwa mwaka 2003 na wakili Fatuma Abdulkadir Adan. Miaka miwili baadaye, shambulio kwenye kijiji cha Turbi, katika uhasama wa Waborana na Wagabra, liliua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule. Mpira wa HODI ukasimama juu ya sharti moja: kila timu ichanganye makabila.

Sharti hilo linafanya kazi kwa sababu linagusa mazoezi. Mechi ni dakika 90 tu, lakini mazoezi ni jioni baada ya jioni. Winga wa Kigabra hafungi bila krosi, na mwenye kuimwaga ni beki wa Kiborana; akichelewa kurudi nyuma, huyohuyo ndiye atakayemzibia pengo. Wakikosana, wanakosana kuhusu pasi. HODI walitumia uwanja wa mpira pia kuzungumza na wasichana kuhusu ukeketaji na ndoa za mapema.

Mtego upo. Kocha anaweza kutimiza sharti kwenye karatasi, kisha wale wachache wa kabila jingine wakasugua benchi msimu mzima. Ndiyo maana kanuni ihesabu walio uwanjani, hata baada ya mabadiliko. Na refa? Naye ana kabila, na Isiolo kila mtu analijua. Ipo soka isiyo na refa: timu hukubaliana kanuni kabla ya mechi, kisha baadaye huketi na mpatanishi na kupeana pointi za uungwana.

Kwa nini mpira, si mbio? Mbio za Lewa, hapo jirani upande wa Meru, zimechangisha fedha za uhifadhi, shule na afya tangu 2000. Ni jambo jema, ila mkimbiaji hahitaji pasi ya mtu.

Mwandalizi wa Isiolo mwenye bajeti ndogo, acha hema. Lipa nauli ya mazoezi, ili wachezaji wa mitaa tofauti wakutane.